Masisi na Walikale: Picha haiharibikii kwenye kamera, inaharibikia gizani



Siku hizi jamaa mbalimbali wananiuliza jambo moja. Wamekimbia na sanduku la mzee aliyekuwa mpiga picha, ndani mna filimu pana za vipande, zile za kamera ya mbao yenye miguu mitatu. Nyingine zimekuwa nyeupe kama maziwa, nyingine zina madoa, nyingine zimeshikana. Wanauliza: tuzitupe? Jibu langu ni hapana. Nitaeleza kwa nini, maana kazi hiyo niliifanya kwa mikono yangu.

Mzee aliyenifundisha, huko wilayani Masisi, alipiga picha za ndoa, ubatizo na vitambulisho. Filimu yake ilikuwa kipande kimoja kimoja, sentimita 9 kwa 12, picha moja kwa kila kipande. Hakupeleka filimu Goma. Alisafisha nyumbani usiku, kwa mabeseni matatu: la kwanza dawa ya kuamsha picha, la pili maji, la tatu fiksa, yaani dawa inayoituliza picha ili mwanga usiiharibu tena. Alikuwa akisema kwamba kamera haina makosa mengi, makosa mengi yako gizani.

Jambo la kwanza ni giza lenyewe. Nyumba ya mabati ina matundu ya misumari, na mwanga wa mbalamwezi unatosha kuziba filimu kwa ukungu. Mzee alituketisha ndani dakika kumi kabla ya kufungua sanduku. Ukianza kuona vidole vyako, giza bado halijatosha. Kwenye hema la plastiki ni vigumu zaidi: hapo ni usiku wa manane, tena chini ya blanketi mbili. Taa nyekundu inafaa kwa filimu zisizoona rangi nyekundu tu; filimu nyingi za kawaida zinaona rangi zote, hazitaki taa hata kidogo. Gizani utajuaje upande wenye dawa? Papasa pembe. Kipande kina mikato midogo ukingoni. Kikisimama wima na mikato iko juu upande wa kulia, upande wenye dawa unakutazama.

Jambo la pili ni joto, na hapa wilaya zetu mbili hazifanani. Maelekezo ya dawa huandikwa kwa nyuzijoto 20. Milimani Masisi maji ya chemchemi ni baridi, picha inachelewa kuamka na inatoka hafifu. Huko chini msituni Walikale joto ni kali, dawa inakimbia, weupe na weusi vinapita kiasi, na ngozi ya filimu inalainika hadi ukucha unaichana. Kama karatasi ya dawa inasema dakika 8 kwa nyuzi 20, basi kwa nyuzi 18 ni karibu dakika 9 na nusu, na kwa nyuzi 24 ni karibu dakika 5 na nusu. Muda ukishuka chini ya dakika 5, madoa ya mawimbi yanaanza. Afadhali kupoza beseni ndani ya karai la maji baridi. Tena usiitoe filimu kwenye dawa ya vuguvugu ukaitumbukiza kwenye maji ya baridi kali. Ngozi yake itapasuka vipande vidogo kama udongo wa kiangazi, na hilo halina dawa.

Jambo la tatu ni kusoma kosa kabla ya kulaumu. Ukiona sehemu za kivuli zimebaki tupu kabisa, mwanga haukutosha siku ya kupiga. Ukiona vivuli vipo lakini picha yote ni ya kijivu isiyo na nguvu, filimu ilitolewa mapema kwenye dawa ya kwanza. Mistari ya mikwaruzo ni pembe za kipande kimoja zilizochubua kingine. Anayeanza asafishe kimoja kimoja, na kabla ya dawa akiloweshe kwanza kwenye maji safi. Weupe wa maziwa ni fiksa iliyochoka au muda mfupi. Madoa ya kahawia yanayokuja baada ya miaka, mara nyingi ni maji ya kuoshea yaliyobaniwa.

Weupe wa maziwa ndio ninaotaka mwelewe vizuri. Mwaka 2008, vita vilipopamba moto Masisi, mzee alikuwa na vipande kadhaa ndani ya fiksa tulipoambiwa tuondoke. Alivitoa kabla ya wakati, akavisuuza, akavikausha kwa haraka, akavifunga kwenye karatasi nyeusi na kuviweka ndani ya mkebe. Tulipofika kambini karibu na Goma vilikuwa vyeupe, huoni kitu. Baada ya wiki chache tulipata fiksa mpya, tukavirudisha humo. Weupe ukaondoka polepole kama ukungu wa asubuhi. Kwenye kipande kimoja alitokea baba wa familia jirani, amesimama mbele ya nyumba yake na watoto wanne. Baba huyo aliuawa njiani tulipokuwa tunakimbia. Mjane wake hakuwa na picha nyingine yake, wala ya nyumba ile.

Ndiyo maana nasema msitupe. Picha si pambo tu. Anayerudi kijijini akakuta mtu mwingine analima shamba lake, picha ya zamani yenye mlango, mgomba na majirani waliosimama pembeni ni shahidi mbele ya wazee. Mtoto aliyezaliwa kambini anamjua babu yake kwa picha.

Kuanzia mwaka 2010 mpiga picha kutoka Ireland, Richard Mosse, alikuja Kivu na kamera kubwa kama ile ya mzee. Alitumia filimu iitwayo Aerochrome, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi ili kugundua vilivyofichwa kwenye majani. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009. Kwenye filimu hiyo milima yetu ya kijani inatoka na rangi ya waridi. Mwaka 2013 kazi yake ilionyeshwa Venice, Italia. Filimu ile nayo ilitaka giza kamili na kuhifadhiwa kwenye baridi. Dunia imeiona milima yetu kwa rangi ya waridi. Sisi wenyewe nyuso za wazee wetu bado zimelala kwenye mikebe.

Basi, mwenye sanduku afanye hivi. Vipande vilivyoshikana usivivute. Viloweke kwenye maji safi ya baridi hadi viachane vyenyewe. Vianike kwa pembe kivulini, mbali na jua, moshi wa jiko na vumbi. Cheupe kama maziwa kifunge kisipate mwanga, ukipeleke kwa mwenye fiksa mpya. Kuijaribu fiksa, tia kipande kidogo cha filimu isiyotumika na uhesabu muda mpaka kiwe angavu; muda ukiwa mara mbili ya ule wa fiksa mpya, hiyo imekwisha. Kisha osha, ukibadilisha maji mara nyingi, hata kama bidoni inatoka mbali.

Na dawa zikichoka, msizimwage karibu na chemchemi. Msiziweke kwenye chupa za kunywea, wala beseni la dawa lisirudi jikoni. Watoto wetu wanakunywa maji yale yale.