Hesabu Dakika Nzima

Vurra

Mwanangu,

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema mtoto akilala hupumua mbiombio, kisha ananyamaza kimya, nanyi mnabaki mmekodoa macho gizani mpaka aanze tena. Na kwamba usiku mmekuwa mkimtikisa ili mjue yu hai.

Acheni kumtikisa. Mtoto wa wiki moja ndivyo anavyopumua. Huenda haraka, akasita sekunde tano, hata kumi, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Juzi tu mapafu yake yalikuwa yamejaa maji tumboni mwa mamaye, na ile sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi bado haijakomaa. Miezi ikienda, kusita huko hupungua. Mlio wa puani nao usiwatishe: hupumua zaidi kwa pua, na tundu zenyewe ni ndogo kama punje ya mtama. Chafya ndiyo inayozisafisha. Kwikwi si ugonjwa. Ila mtu asimtie mafuta wala maji ya majani puani, hata akiwa mimi.

Mkiingiwa na shaka, hesabuni. Ngojeni anyonye, atulie. Mlaze chali, fungua shuka mpaka kitovuni, usimguse. Tazama tumbo badala ya kifua, maana mtoto mchanga hupumua kwa tumbo; kila likipanda, hesabu moja. Simu iwe pembeni ikuonyeshe sekunde, nawe uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili: ukiangukia pale anaposita utapata uongo, ukiangukia pale anapokimbia utapata uongo mwingine. Kati ya 30 na 60 akiwa ametulia, lala. Ikifika 60 au kupita, rudia. Ikijirudia, ondokeni kwenda hospitali.

Na andikeni: saa, hesabu, alikuwa amelala au macho. Muuguzi akikuta karatasi kama hiyo anaanza kazi akiwa mbele kuliko akiambiwa "anapumua vibaya." Hapa kwetu, katika hospitali ya Kuluva, daktari Ted Williams aliwaandika daftarini watoto waliovimba taya, wanatoka kijiji gani, waliugua lini, na takwimu za West Nile yetu za 1961 hadi 1965 zikachapishwa Uingereza mwaka 1967, zikawasaidia waliokuwa wakiichunguza saratani hiyo ya taya, iitwayo ya Burkitt. Kalamu na subira tu.

Sasa yale ya kutisha kweli. Akisita sekunde 20 au zaidi, au akisita kidogo lakini akalegea au kubadilika rangi. Mbavu za chini zikibonyea ndani waziwazi kila anapovuta pumzi. Akigumia kila anapoitoa, au tundu za pua zikitanuka kama za mtu aliyekimbia. Kwa ngozi yetu rangi itazame kwenye ulimi na fizi. Viganja na nyayo kuwa vya buluu siku za mwanzo si neno, ulimi wa buluu ni neno. Na mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri akaacha ziwa, huyo usimwambie mtu kwamba amechoka tu. Homa ya nyuzi 37.5 na kuendelea, mwili kupoa chini ya 35.5, degedege, vivyo hivyo. Moja latosha. Msingoje la pili.

Nimesikia pia kwamba sigiri imewekwa chumbani ili mtoto asipate baridi. Itoeni leo. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wazima, seuze kichanga, na hata moshi wa kuni peke yake waharibu kifua chake. Joto mnalo: avuliwe, abaki na kofia na nepi, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kitenge juu yao, na mama awe macho. Nawe baba unaweza pia, usione haya. Kule Bogotá daktari Edgar Rey alianza jambo hilo mwaka 1978, mashine za kuwapasha joto watoto njiti zilipokuwa haba. Mama akitaka kulala, mtoto alazwe chali, bila mto wala blanketi zito karibu na uso.

Watakuja wa kusema ni meno ya uongo fizini yanayomuuguza, yang'olewe. Kuna watoto waliochokolewa fizi kwa spoki ya baiskeli wakafa kwa damu iliyoingia uchafu. Wakija, waambieni shangazi amekataa, wamlaumu yeye.

Kuhusu safari: lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92, imewafanya watu waone Arua ni jirani. Bado ni mbali kwa mtoto anayegumia. Nendeni kwanza hospitali ya hapo Koboko, akiwa kifuani kwa mama, na mkipewa rufaa ndipo mje Arua. Msinipigie mimi kwanza. Nipigieni mkiwa mmekwisha kufika.

La mwisho nakuambia wewe, maana wewe ndiwe unayeshinda Oraba na mizigo yako. Mkeo asingoje ruhusa yako usiku. Mwachie nauli mkononi, isiyoguswa kwa sukari wala sabuni, na namba ya yule kijana wa boda iwe kwenye simu yake, si kwenye yako peke yake.

Shangazi yako