Kuona Bila Kuua

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba jeni zilezile. Seli ya jicho ina maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya vya tumbo, na seli ya ini ina maelekezo ya kuona rangi. Tofauti yake ni jeni ipi imewashwa na ipi imezimwa. Sisi wa Elimu na Baiolojia tumeiandika sentensi hii kwenye test mara ngapi sijui, tukapata maksi zetu, tukaenda kunywa chai.

Mwaka jana wakati wa TP, kwenye sekondari moja ya kata upande wa Kibosho, binti mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono. "Mwalimu, sasa hao wanasayansi wanajuaje kwamba jeni imewaka? Wanaisikia?" Darasa zima likacheka. Mimi nilimshukuru, maana hilo ndilo swali lenyewe, na kwenye madesa yetu halipo.

Njia ya zamani ni kusaga seli na kupima kilichomo ndani. Hadi leo inatumika, na majibu yake ni mazuri, ila yanahusu seli ambayo tayari imekufa. Wanafunzi wangu walilielewa hili upesi kwa sababu ya migomba. Mchare, ndizi yetu ya mtori, hushambuliwa na mnyauko ambao wataalamu wanauita mnyauko wa Fusari. Ni kuvu inayoishi ardhini, ikaingia kupitia mizizi na kuziba mirija ya maji. Majani yakishakuwa ya njano, bibi yangu huchukua panga, hukata shina na kukuonyesha michirizi ya kahawia ndani. Jibu amelipata, mgomba hana tena.

Sasa nenda baharini. Mwaka 1961 Mjapani Osamu Shimomura alikuwa Friday Harbor, jimbo la Washington, Marekani, akivua konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Alitaka kujua kinachomfanya konyeza huyo atoe mwanga. Katika kutafuta akakutana pia na protini nyingine, inayong'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Leo inaitwa GFP. Mwaka 1992 Douglas Prasher alichapisha jeni ya protini hiyo. Fedha za utafiti zilipomwishia, aliwagawia wenzake nakala. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba jeni hiyo ikiwekwa ndani ya bakteria au mnyoo mdogo, viumbe hivyo vinang'aa vikiwa hai. Roger Tsien akaiboresha, ing'ae zaidi na kwa rangi nyingine. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2008 walipewa Shimomura, Chalfie na Tsien. Wakati huo Prasher alikuwa dereva wa kubeba wateja wa duka la magari huko Alabama. Wale mnaoogopa ajira baada ya kuhitimu, hampo peke yenu.

Inafanyaje kazi? Darasani sikuwa na maabara wala projekta, nikatumia mfongo. Niliwaambia wafikirie mifereji miwili inayoshuka kutoka msituni, kila mmoja na lango lake, na malango yote mawili hufunguliwa na mgawa maji mmoja kwa zamu ileile. Kihamba cha juu kimejificha nyuma ya migomba na mikahawa, hukioni. Cha chini kiko kando ya barabara. Ukipita ukakuta cha chini kimelowa, unajua na cha juu kinapata maji. Hujaingia kwa mtu na hujakanyaga maharage ya mtu.

Kila jeni ina lango la namna hiyo, sehemu ya DNA inayoamua iwashwe lini. Wanasayansi huchukua nakala ya lango la jeni wanayoitafuta, wakaiunga mbele ya jeni ya GFP, kisha wakaiingiza kwenye seli. Amri inayofungua lango la asili inafungua na la nakala. Seli inapoiwasha jeni yake, inang'aa kijani chini ya hadubini, huku ikiendelea kuishi, kugawanyika na kula. Haihitaji kuongezewa dawa nyingine ya konyeza. Oksijeni tu ya kawaida inatosha kuikamilisha.

Hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho bado sijakimaliza kichwani. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha kazi juu ya Fusari inayonyausha nyanya, ndugu wa ile inayomaliza Mchare. Kuvu hiyo ina jeni iitwayo SIX1, moja ya silaha zake za kushambulia mmea. Kwa kutumia GFP waliona kwamba jeni hiyo inahitaji seli hai za mmea ili iwake. Yaani silaha inachomolewa mbele ya aliye hai. Ungeanza kwa kuua mmea, ungeweza kukaa na kuvu yako mwaka mzima usione kitu, ukaandika kwenye ripoti kwamba haina silaha.

Lakini mwanga huu nao una mambo yake. GFP huchukua muda kukomaa, kwa hiyo jeni inawaka kwanza, kijani kinafuata baadaye. Ikishatengenezwa ni ngumu kuvunjika, hivyo lango linaweza kufungwa na seli ikabaki inang'aa kwa saa nyingi. Ndiyo maana zilitengenezwa GFP za muda mfupi, zinazovunjika haraka, ili mwanga ueleze hali ya sasa na si ya jana.

Mdogo wangu wa kike alipata ziro kidato cha nne. Miaka yote minne ripoti zilikuja nyumbani na maneno yaleyale, "ongeza bidii". Aliniambia baadaye kwamba Hesabu zilimwacha kidato cha pili, zilipofika logi, na kwamba Kiingereza cha darasani alikuwa anakiitikia tu, "yes, sir". Alifaulu kidato cha pili kwa kukariri, na zile maksi zikaendelea kumng'arisha kwa muda, wakati ndani kulishazimika zamani. Mtihani wa mwisho ulikuwa panga la bibi: ulionyesha ugonjwa vizuri kabisa. Leo anauza ndizi na mama soko la Mbuyuni, na usiku anasoma ili arisiti.

Najua mtoto si seli, na hakuna jeni ya konyeza ya kumwekea mwanafunzi. Ila swali la yule binti linatuhusu sisi walimu kuliko linavyowahusu wanasayansi. Tunajuaje kwamba imewaka? Na tunajua lini?

Kwenye TP nilijaribu kitu kidogo. Katikati ya kipindi nilisimama, nikagawa vipande vya karatasi, nikauliza swali moja. Hakuna jina, hakuna maksi, Kiswahili ruksa, dakika mbili. Siku ya somo la jeni nilisoma karatasi zote nikiwa kwenye daladala nikishuka Moshi mjini. Zaidi ya nusu waliandika kwamba jeni iliyozimwa huwa imekufa au imetolewa kwenye seli. Kesho yake tuliurudia mfongo tangu mwanzo: lango limefungwa, mfereji upo palepale.

Karatasi moja niliihifadhi. Imeandikwa hivi: "Nimeelewa lango. Sijaelewa nani anamwambia mgawa maji afungue." Huyo alikuwa ameuliza swali ambalo watu wanalifanyia shahada za uzamivu, na kwenye mtihani asingepata pa kuliandika.

TP ya mwaka huu inaanza karibuni, wanachuo wenzangu. Wengi tutapangiwa shule zisizo na maabara. Karatasi zipo kila shule.