Kilometri Tano Zinatosha

Wandugu wa gazeti walituomba tuandike maneno ya mchezo, na bila shaka walitazamia maneno ya mpira. Maneno ya mpira yameandikwa ya kutosha. Sisi tutaandika juu ya mbio za barabarani, zile za kilometri tano, maana toka mwezi wa pili zimetuingia ndani ya damu, sisi ambao hatukuwa watu wa mchezo hata kidogo.

Kwanza tuungame neno moja. Sisi ndio kapita wa shule, na wengi wenu munatujua kwa sababu ya mlango wa asubuhi. Anayechelewa anazunguka kiwanja mara tatu, na kapita anasimama pale kuhesabu. Miaka miwili tumehesabu hivyo, kwa mvua na kwa jua. Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi ya mwili alipotuambia: «Kapita, utapanga mbio za watu wote, hata wanene, hata wavivu», tuliona haya. Nani atakimbia kwa furaha, kama sisi wenyewe tumefanya mbio kuwa azabu? Mtoto mmoja wa darasa la tatu, mteja wetu wa kila juma, alituuliza mbele ya watu: «Yaya Kapita, tutakimbia tena? Safari hii tumekosa nini?» Watu wakacheka. Sisi hatukucheka.

Sasa, sababu gani kilometri tano? Tuangalie zile mbio zingine. Metri mia moja ni mambo ya zawadi ya kuzaliwa. Umezaliwa na miguu ya kasi ao hapana, na sekunde kumi na tano zinatosha kukuonyesha mbele ya wasichana wa shule nzima. Marato, nayo, ni kilometri 42 na metri 195. Inaomba miezi ya mazoezi, chakula kizuri, na kiisha mwili unadai majuma ya kupumzika. Finalisti mwenye Egzeta mbele yake atatoa wapi ile wakati? Lakini katikati iko kilometri tano, na kwa mwenye kuzoea, kumi. Hapo karibu nguvu yote inatoka katika hewa tunayovuta, na kazi ya moyo na mapafu ni kitu ambacho kila mtu anaweza kuongeza kidogo kidogo. Mara tatu kwa juma, nusu saa, mwendo wa kuweza kusema na mwenzako bila kukatika pumzi. Nyuma ya majuma sita mtu anajishangaa. Asubuhi unakimbia, saa nne umekwisha kuoga, mangaribi unafanya hesabu zako.

Njia tuliipima wenyewe, na hapa tutakaa kidogo maana tulipata jasho. Tuliazima kinga ya mlinzi wa shule. Tuliweka alama ya chaki juu ya pine, tukaizungusha mara moja chini, tukapima kwa metri ya darasa la jeometri: metri 2 na santimetri 20. Tulipima mtu akiwa ameketi juu, sababu uzito wake unabana pine na mzunguko unapunguka. Katika mbio kubwa za dunia pia wanapima kwa kinga, na wanaongeza metri moja kwa kila kilometri ili njia isikuwe fupi. Basi tulihitaji metri 5 005, ni kusema mizunguko 2 275. Tulifunga kitambaa chekundu kwa waya moja ya gurudumu. Mmoja anaendesha pole pole, mmoja anahesabu. Tulipofika 1 140 mbuzi wa watu walikatiza barabara, mwenye kuhesabu akasahau, na tukarudi mlangoni kuanza upya. Mara ya pili tulibeba daftari, tukaandika fimbo kwa kila mizunguko mia.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa watu wa barabarani. Siku ya kwanza ya mazoezi tulitoka wanafunzi makumi mbili na saba, kimya, mbio, saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa barabara ile kubwa inayotoka hapa Butembo kwenda Beni. Mama mmoja mwenye kuuza ndizi alipotuona alifunga kitenge chake, akatupa kitunga kichwani na kuanza kukimbia mbele yetu. «Batoto, iko nini kule? Bamefika?» Wengine wakaanza kufunga milango. Tulisimama pale kama watu wenye kosa. Katika inchi yetu ya Kivu, tangu sisi tuzaliwe, kundi lenye kukimbia barabarani ni kundi lenye kukimbia kitu. Sisi wenyewe, tulipokuwa na miaka saba, tulikimbia njia hiyo hiyo usiku, mkono wetu katika mkono wa mama, na hakuna aliyetupigia kronometri.

Tulimwomba yule mama msamaha na tukamwokotea ndizi zake. Siku ile hatukuendelea. Tuliporudi, mwalimu alisema: «Namna ya futingi ya siku ya Mungu, wanakimbia na kuimba. Imbeni.» Kweli, mwenye kukimbia vita haimbi. Tukaenda pia kwa mkubwa wa kartie kumjulisha siku na saa. Toka hapo tulitoka kwa nyimbo, watatu watatu, upande wa kushoto ili tuone pikipiki zikija, na mwenye kutangulia anashika kitambaa cheupe. Juma la tatu yule mama alikuwa anatusubiri. «Bakapita! Leo munachelewa!» Yeye kutuambia sisi kwamba tunachelewa!

Basi mbio zenyewe, siku ya posho. Tuliandikisha watu 63. Wachache tu walikuwa na viatu vya mbio. Wengine kambambili, wengine miguu mitupu, na hatukumkataza mtu, maana Abebe Bikila wa Etiopia alishinda Marato ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mama wa jikoni alifunga kitenge juu ya suruali akasimama nyuma ya wote, akasema yeye anakuja kutembea tu.

Sisi kapita tulianza kwa kiburi. Kilometri ya kwanza tulikwenda dakika nne na nusu, shingo juu, ili wadogo waone. Ni kosa la kila mwenye kuanza: damu ni mpya, miguu inasema uongo. Kwa kilometri ya tatu, pale mlima unapoanza, kichomi kilitushika chini ya mbavu na tukatembea, mkono kiunoni, mbele ya bamotari wanaotucheka. Na ni nani alitufikia pale? Yule mteja wetu wa darasa la tatu. Hakutupita. Alipunguza mwendo, akasema: «Yaya Kapita, vuta pumzi kwa tumbo. Toa yote. Pole pole, mlima hauhami.» Tukauliza alifundishwa wapi. Akajibu: «Kwa kiwanja. Ni wewe ulinizungusha.»

Tulimaliza pamoja. Yeye alipata dakika 31 na sekunde 38, sisi sekunde 40. Tarehe 16 mwezi wa pili 2020, Joshua Cheptegei wa Uganda, jirani yetu, alikimbia kilometri tano barabarani kule Monaco kwa dakika 12 na sekunde 51, na ilikuwa rekodi ya dunia wakati ule. Angefika, akaoga, akakunywa chai, na sisi tungali kwa mlima. Lakini hata yeye alikimbia kilometri tano, si moja zaidi yetu, na hii inatufurahisha mpaka leo. Mama wa jikoni alifika dakika ya 52, anacheka na kulia pamoja, na watu wote 62 walikuwa wangali wanamsubiri kwa mlangoni. Kwa mpira hatujaona vile: walioshindwa wanaenda zao.

Nyuma ya mbio yule mtoto alituuliza kama siku ya kwanza ya juma atazunguka tena kiwanja akichelewa. Hatukuweza kumjibu. Tulikwenda kwa Bwana Mkurugenzi wa nidhamu kumwomba wachelewaji wapewe fagio ao jembe, si mbio. Alituuliza kama kapita amekuwa wakili wa wavivu. Tukamwambia habari ya kiwanja na habari ya mlima. Alikaa kimya, akasema atawaza. Ni majuma mawili sasa anawaza, na sisi kila asubuhi tunasimama mlangoni. Wanaochelewa tunawapa fagio, na tunangoja kuitwa ofisini.

Mazoezi ni siku ya pili na siku ya tano, saa kumi na mbili kasoro robo, kwa mlango mkubwa. Mwenye kujua nyimbo za mwendo aje mbele. Kinga imerudishwa kwa mlinzi, pine yake ya nyuma imetoboka, na tunatafuta mwenye kiraka.