Sauti ya Upepo Juu ya Vilima vya Ngong

Wahenga walinena: tembea ujionee. Nami nalitembea, lakini kilichonifunza zaidi katika safari yangu si nilichokiona kwa macho, bali nilichokisikia kwa masikio.

Wakati wa likizo ya madrasa nalipanda gari la moshi kutoka Mombasa kwenda kumzuru mpwa wangu aliyehamia Ngong, mji ulio kiasi cha kilometa 25 kutoka Nairobi. Asubuhi ya pili alinichukua vilimani. Kilele chake kimepanda karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani hana budi kupumzika kila baada ya hatua chache. Upande mmoja yaonekana majumba ya Nairobi. Upande wa pili ardhi yateremka ghafula hadi Bonde la Ufa. Upepo utokao mashariki hupanda mgongo wa vilima ukazidi nguvu, na kwa sababu hiyo mitambo ya umeme wa upepo ikawekwa pale. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 ikaja mikubwa zaidi, na mingine baadaye, hata nguvu yake yote ikafika megawati 25.5.

Nalisimama chini ya mmoja. Nalitarajia ngurumo, nisisikie ngurumo. Nalisikia fwuu, kisha fwuu, kisha fwuu, kama mtu afagiaye ua kwa fagio la makuti asikome.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "sauti yenyewe ni ndogo."

"Ni ndogo kwetu sisi tunaopita," nikamjibu. "Je, kwa mtu alalaye karibu nayo?"

Tangu siku ile nalitafuta kuijua habari hii. Sauti ya mitambo namna hii ni mbili: uvumi wa mashine iliyo juu ya mnara, na mkato wa mapanga katika hewa. Upepo ukiwa mkali, ncha ya panga huenda kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 200 kwa saa. Usiku jambo huzidi, kwani mara nyingi hewa ya chini hutulia na majani hayavumi, huku juu upepo ungali na nguvu. Basi hakuna kitu cha kuifunika sauti ile. Walioichunguza wamethibitisha kwamba huwaudhi baadhi ya majirani. Ama kwamba yenyewe huleta maradhi, hilo halijathibitika. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilishauri nchi za Ulaya kwamba wastani wake kwa siku nzima, usiku ukipewa uzito zaidi, uwe chini ya desibeli 45. Nako Kenya, kanuni za mwaka 2009 ziliweka mpaka wa desibeli 50 nje ya nyumba za watu mchana, na 35 usiku.

Dawa zipo. Ya kwanza ni umbali: kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kiasi cha desibeli sita. Ya pili ni kupunguza mwendo wa mapanga usiku. Ya tatu ni kuyatia meno kama ya msumeno ukingoni, ufundi ambao mafundi walijifunza kwa bawa la bundi, ndege arukaye kimya. Tazameni, vijana: ndege ambaye watu wetu humwogopa bure kwa ushirikina, wenzetu wamemfanya mwalimu!

Lakini liko jambo la nne. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 huko Uholanzi ulionyesha kuwa wale waliopata faida ya fedha kutoka kwa mitambo hawakuudhika ila kwa nadra, ingawa sauti iliwafikia kama wengine, au zaidi. Wengi wao walikuwa pia na neno katika kuiweka. Hakika sikio halisikii peke yake. Moyo nao husikia.

Hapo nikajikumbuka mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara, tulinunua jenereta ya madrasa tukaiweka nyuma, ukutani mwa ajuza mmoja aliyekuwa mgonjwa. Alipotuma mtoto kuja kulalamika, nalijibu kwamba watoto wanasoma Kurani, basi na avumilie. Nalidhani kheri ya kazi yangu yatosha kuwa ruhusa, nikasahau kwamba haki ya jirani haifutwi na kheri ya mtu mwingine.

Jenereta ile ilikwisha kuondolewa zamani, na sasa tuna vibao vya jua juu ya paa. Lakini deni langu lilikuwa halijalipwa. Niliporudi Mombasa nalikwenda kwake, nikamwamkia, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, mimi sikuuchukia mwanga wenu. Nalitaka kuulizwa tu."

Umeme wa upepo na wa jua ni neema, na nchi zetu zauhitaji sana. Basi ninyi vijana mtakaokuwa mainjinia na madiwani, kabla ya kuupima upepo kileleni, teremkeni kwanza mkabishe hodi katika nyumba zilizo chini yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wema. Amin.