Mkurugenzi Mpya Ameteuliwa: Je, Usubiri Mbegu au Upande?



Kila panapotangazwa mabadiliko ya uongozi katika taasisi ya utafiti, simu yangu haitulii. "Bwana shamba, tumesikia kuna bosi mpya. Amesema muhogo ni kipaumbele. Mbegu zinakuja lini?" Swali hili nimewahi kulijibu vibaya, na waliolipia jibu langu ni wakulima. Leo nakusimulia ilivyokuwa, ili wewe usilipie tena.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikihudumia kata moja ukanda wa kusini. Kwenye maonesho ya Nane Nane kiongozi mmoja alisimama akaeleza vipaumbele vyake: mbegu bora za muhogo zitawafikia wakulima msimu huohuo. Nilipiga makofi. Niliporudi kijijini nikaitisha mkutano chini ya mwembe na kuwaambia watu wasihangaike kutafuta pingili, watayarishe mashamba tu.

Mvua za Desemba zikaja, pingili hazikuja. Januari nikapiga simu, nikaambiwa zipo njiani. Mwisho wa Januari watu walikata tamaa, kila mmoja akachukua alichopata kwa jirani. Mama mmoja mjane, ambaye ekari yake moja ndiyo chakula na ada ya shule ya wajukuu, alipanda pingili zilizobaki kwenye shamba ambalo wenzake walishachagua zilizo nzuri.

Mwaka uliofuata aliniita. Shina lilisimama vizuri tu, majani yana manjano kidogo kandokando ya mishipa. Aling'oa mhogo mmoja, akaukata katikati kwa kisu. Ndani kulikuwa na mabaka makavu ya kahawia. Michirizi ya kahawia. Ekari nzima ilikuwa hivyo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mvua haisubiri mkutano."

Sikulala usiku ule. Kiongozi yule huenda alisema kwa nia njema. Kosa lilikuwa langu: niliichukua hotuba nikawagawia watu kana kwamba ni mbegu.

Sasa tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda. TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2018, makao makuu yakiwa Makutupora, Dodoma. Mkurugenzi Mkuu wa kwanza alikuwa Dk. Geoffrey Mkamilo, na baadaye akaja Dk. Thomas Bwana. Mkurugenzi ana nafasi kubwa: anasimamia fedha ziende wapi, watafiti gani wawe kituo gani, zao gani litangulie. Lakini haongezi kasi ya mmea kukua. Mtafiti akishapata aina mpya, lazima ijaribiwe maeneo mbalimbali kwa misimu kadhaa, iidhinishwe, izalishwe kwa wingi, na TOSCI wakague ubora. Hapo ndipo inafika kwako.

Kwa muhogo, hesabu ni rahisi. Ukipanda mita moja kwa mita moja, ekari inakula pingili kama 4,000. Ekari moja ya mbegu hutoa pingili za kupanda ekari kumi hivi msimu unaofuata. Kijiji chenye ekari 200 za muhogo kinahitaji ekari 20 za mbegu safi zilizopandwa mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo siku ile pale uwanjani ningeuliza swali moja tu: "Hizo ekari 20 ziko wapi sasa hivi?" Jibu lingeniokoa mimi na yule mama.

Usinielewe vibaya. Sisemi vipaumbele vya viongozi ni maneno matupu. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliposimamia kufufuliwa kwa zao la michikichi Kigoma, kituo cha Kihinga kilipewa kazi mahsusi ya zao hilo, na miche ikaanza kuzalishwa. Kipaumbele kilipata mahali pa kukaa na watu wa kukifanyia kazi.

Tena utafiti una maisha marefu kuliko kiti cha yeyote. Kule Amani, Muheza, katika miaka ya 1930 watafiti walianza kuchavusha muhogo na jamaa yake wa porini anayetoa utomvu wa mpira, wakitafuta uvumilivu wa magonjwa. Wakuu wa kituo walibadilika, utawala wa kikoloni ukaondoka, na kazi yenyewe ilishakoma. Lakini uzao mmoja wa kazi ile ulibaki mikononi mwa wakulima: kusini mwa Tanzania wanauita Namikonga, pwani ya Kenya wanauita Kaleso. Watafiti wa siku hizi wameurudia kama mzazi wa mbegu mpya, kwa sababu unavumilia michirizi ya kahawia. Wakulima ndio walioitunza, shamba kwa shamba.

Basi, ukisikia uongozi mpya na vipaumbele vipya, uliza haya manne:

1. Ni zao gani na kituo gani? Naliendele wanajulikana kwa korosho, karanga na ufuta. Ukiriguru kwa pamba. Mlingano kwa mkonge. Kipaumbele kisicho na kituo hakina pa kukifuatilia.

2. Aina hiyo imeshaidhinishwa, au bado iko kwenye majaribio? Iliyo kwenye majaribio usiiwekee shamba.

3. Nani anaizalisha, na amepanda ekari ngapi leo? Inaweza kuwa kituo chenyewe, Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), au mkulima mzalishaji aliyesajiliwa. Omba kwenda kuona.

4. Itafika kabla ya mvua ya kupandia? Kama hakuna wa kukujibu, hesabu kwamba haitafika.

Na hata ukijibiwa vizuri, usikae mikono mitupu. Tenga mistari michache karibu na nyumba kwa ajili ya mbegu yako mwenyewe. Mimea ikiwa bado michanga, ng'oa kila wenye batobato au manjano yasiyoeleweka. Kabla ya kukata pingili kwenye shamba la mtu, omba mung'oe mashina mawili matatu, mkate mihogo, mtazame ndani. Majani peke yake yanadanganya. Mbegu mpya ikija, ianzie kwenye mistari hiyo hiyo, uione kwanza.

Yule mama bado analima. Msimu uliofuata nilimtafutia pingili safi kwa mzalishaji aliyekaguliwa, nikazibeba mwenyewe kwa pikipiki, safari mbili. Haikurudisha mwaka aliopoteza. Siku hizi nikiitisha mkutano, yeye hukaa mbele, na nikitaja habari yoyote kutoka juu huuliza kabla sijamaliza sentensi: "Ekari ngapi, bwana shamba, na ziko wapi?"

Nawe uliza hivyo hivyo. Nakutakia msimu mwema.