Mvuke na Upepo

Kila taifa hutunga semi zake kwa vyombo linavyovitumia. Waingereza, jambo lianzapo kwenda mbio na kupata wafuasi, husema kwamba linakusanya mvuke. Usemi huo haukuzuka hewani. Mwaka 1830 nchi yao ilifungua reli ya abiria kati ya Liverpool na Manchester, mabehewa yakivutwa na mashine za mvuke. Na watu waliokulia katika ngurumo za mashine hizo hawakukawia kuzifanya kioo cha maisha yao.

Mashine hizo zilitufikia nasi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Lakini wazee wetu waliliita gari la moshi. Walitaja kilichoonekana kikitoka juu, si kilichosukuma ndani. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mchochea moto katika magari hayo, alitusimulia sisi wajukuu kwamba moto uliwashwa saa nyingi kabla ya safari. Abiria waliliona gari limesimama, wakanung'unika. Kumbe ndani ya pipa lile kubwa la chuma maji yalikuwa yakichemka, na mvuke uliokosa pa kutokea ulizidi nguvu mpaka ukatosha kusukuma magurudumu. "Gari likisimama ndipo mimi ninapotoka jasho," alizoea kusema.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasahau siku nilipokabidhiwa, nikiwa karani kijana wa serikali, kufasiri taarifa ya Kiingereza juu ya mradi wa maji wa kijiji kimoja. Wanakijiji walikwisha kutoa michango yao, bali mabomba yalikuwa hayajafika. Nilifasiri neno kwa neno, nikasimama mkutanoni na kusoma kwa majivuno: "Mradi wenu wa maji unakusanya mvuke."

Pakawa kimya. Kisha mama mmoja mzee akainuka, akajifunga khanga yake vizuri, akasema:

"Mwanangu, fedha tumetoa, maji hatujayaona. Leo watuambia yamekwisha kuwa mvuke?"

Watu walicheka, wala hakikuwa kicheko cha furaha. Mwezi ule hakuna aliyeleta mchango.

Nilirudi mezani kutafuta usemi wa kwetu, nikaona kwamba Kiswahili si maskini hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa mvivu. Ningeweza kusema mradi umeshika kasi. Lakini kasi ni ya kitu kinachokwenda, na pale hakuna kilichokwenda. Ningeweza kusema umepamba moto; lakini hayo husemwa shughuli ifikapo kileleni. Ningeweza kusema umepata upepo, kama wasemavyo mabaharia wa pwani. Lakini upepo ni msaada utokao nje, na mradi ule ulisimama juu ya senti za wanakijiji wenyewe. Na kama ningesema unavuma, wangenikumbusha kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Kila usemi ulikuwa mzuri, na kila mmoja ungekuwa uongo.

Basi nikarudi kijijini bila karatasi. Nikawaeleza kwamba njia ya maji imepimwa, mabomba yameagizwa, bado hayajafika. Kisha nikawasimulia habari za babu na gari lililosimama huku moto ukiwaka. Mama yule akatikisa kichwa, akasema, "Hilo tumelielewa. Basi chocheeni, nasi tutachochea." Michango ikaanza tena.

Ndugu mwalimu, nawe mwanafunzi, mgeni akija na methali yake tumkaribishe, tumuulize ametoka wapi na anafanya kazi gani kwao. Asiyeuliza hubeba neno tupu, na neno tupu likisomwa mbele ya wenye kiu huwanyang'anya hata imani waliyokuwa nayo. Lugha ya taifa ni amana baina ya asemaye na asikiaye.