Siku ya Mwisho kwa Imamu Shafii



Safari ya Misri niliiwekea nia kwa miaka kumi na minne. Kila mwaka nilidunduliza kidogo, na kila mwaka likazuka la kunizuia: karo za watoto, paa la nyumba, maradhi ya mama. Hatimaye Mwenyezi Mungu akaifungua njia, nikaenda peke yangu kwa siku kumi. Nyingi katika hizo nilizipitisha Al-Azhar, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 359 Hijria, nikikaa nyuma ya vijana katika darsa kana kwamba nami ni mwanafunzi upya. Siku tisa hizo nitazisimulia wakati mwingine, inshallah. Leo nataka kuisimulia ya kumi.

Ndege yangu ilikuwa ya usiku. Baada ya swala ya alfajiri nilinunua zawadi Khan el-Khalili: tasbihi, manukato, na vitambaa vya mama watoto. Kisha nikapanda teksi kwenda Qarafa, kwenye makaburi ya kale alikozikwa Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ziara hiyo nilikuwa nikiiahirisha siku baada ya siku, nikijiambia kuwa ni ya kuagia. Kusema kweli nilikuwa nikiiogopa, na sababu yake nitaieleza.

Sisi watu wa pwani, tangu Lamu hadi Vanga, tumelelewa katika madhehebu yake. Mtoto anapofunzwa kutawadha chuoni, nyuma ya mwalimu wake yupo Imamu huyu, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 Hijria na kufariki Misri mwaka 204. Kuba lake lilijengwa na Sultani al-Kamil mwaka 608. Ni la mbao, limefunikwa kwa madini ya risasi, na juu ya kilele chake pana kimashua. Husemwa kwamba zamani kilitiwa nafaka ili ndege wale. Wengine husema ni ishara ya bahari ya ilimu. Mimi niliyekulia penye mashua na ngalawa nilisimama nje nikakitazama kwa muda mrefu.

Nilipoingia nilimtolea salamu, nikamwombea. Ipo ada ya kale kwa baadhi ya Wamisri kumwandikia Imamu barua za mashtaka: huyu kaibiwa, huyu kadhulumiwa na nduguye. Nilipoikumbuka ada hiyo nilistaghfiru, kwani haja zetu huelekezwa kwa Mola peke yake. Lakini papo hapo nilitambua kwamba nami nina barua niliyoshindwa kuiandika kwa miaka sita. Anayestahiki kuipokea yu hai, na nyumba yake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwangu.

Ni maalim aliyenisomesha Safina. Tulitofautiana juu ya mwandamo wa mwezi. Yeye akasali Idi siku moja, mimi siku ya pili yake. Tofauti hiyo si jambo geni, wanazuoni wametofautiana tangu kale. Kosa langu ni kuwa nilipanda mimbari nikamjibu kwa kejeli. Sikumtaja jina, ila hapakuwa na aliyekuwepo asiyemjua. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa za mbali.

Imesimuliwa kwamba Imamu Shafii alijadiliana na Yunus as-Sadafi, mwanafunzi wake wa papa hapa Misri, wakaachana bila kuafikiana. Walipokutana tena, Imamu ndiye aliyemshika mkono, akamkumbusha kuwa mas'ala moja hayafai kuuvunja udugu. Kisa hicho nimewasomesha watoto mara nyingi. Nikiwa nimesimama mbele ya kaburi la mwenyewe, nililia kwa haya. Nilikuwa nimepanga kwa miaka kumi na minne kuvuka nchi ili nimsalimie Imamu, na nikashindwa kuvuka mitaa miwili nimwombe radhi mwalimu wangu.

Usiku ule niliruka hadi Nairobi, nikapanda treni ya Mombasa. Sikupitia nyumbani. Nilibisha hodi kwa maalim nikiwa na mkoba wangu mkononi. Alikuwa barazani, macho yake yamefifia; akanijua kwa sauti. Nikambusu mkono, nikasema, "Maalim, nilikukosea juu ya mimbari. Naomba radhi yako."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, kile kimashua kingali juu ya kuba?"

Nikamjibu kuwa kingalipo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Keti, unieleze."

Nikaketi hadi adhana ya magharibi. Ndugu zangu, ukipanga safari ya mbali, kwanza tazama ni mlango gani wa karibu hujaubisha. Mwenyezi Mungu atusamehe, na atujaalie kusameheana kabla ya mauti. Amin.